Mkono Una Nguvu, Mbona Hauwezi Kazi?

Swali hili huja kwa maneno mengi, na karibu kila mara anayeliuliza ni mtu wa nyumbani, si mgonjwa mwenyewe. "Mama hakupata kiharusi. Akinishika mkono naumia. Lakini tangu Krismasi hawezi kufunga leso." Mwingine anauliza habari za baba yake: "Mzee amekama tangu utotoni. Siku hizi anachuchumaa, anashika chuchu, halafu vidole havijui la kufanya." Mke wa fundi cherehani naye anasema mumewe hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, ingawa macho yamepimwa yakaonekana mazima.

Jibu fupi ni kwamba nguvu ya mkono na ufundi wa mkono hutawaliwa na sehemu tofauti za ubongo. Mtu anaweza kupoteza ufundi huku nguvu ingali pale pale. Hali hiyo madaktari huiita apraksia: mtu hajapooza, hajafa ganzi, anaelewa anachoambiwa na anataka kukifanya, lakini mkono haupangi tena kazi aliyoizoea miaka na miaka.

Apraksia huweza kuletwa na mambo mengi. Sura hii inahusu hasa ugonjwa mmoja adimu unaoileta polepole, mwaka baada ya mwaka. Mifano nimeichukua Khwisero, kaunti ya Kakamega, nchi ya jamii ya Abakisa, kwa sababu mbili. Kwanza, siku ya kawaida kule hujaa kazi za vidole: kuchambua mboga za mrenda na mitoo, kupepeta, kukama, kusonga ugali, kusuka nywele. Pili, mashine za kupiga picha za ubongo ziko mbali. Mtu wa Khumusalaba au Mundeku akihitaji picha ya MRI, yaani picha inayoonyesha ubongo kwa ndani bila kupasua, huenda akalazimika kujipanga kwa safari ndefu ya mjini, na kujipanga kwa pesa pia. Nadharia yangu katika sura hii ni kwamba kipimo cha kwanza cha ugonjwa huu hakiko mjini hata kidogo. Kiko jikoni na zizini, na wanaokishika ni jamaa za mgonjwa.

Ufundi hukaa wapi?

Mwangalie mtu anayepukuchua mahindi kwa mkono. Kidole gumba kinatafuta mstari wa kwanza wa punje na kuung'oa ili kufungua nafasi. Kisha sehemu nene ya chini ya kidole hicho inasukuma mstari wa pili uangukie nafasi ile, wakati mkono mwingine unalizungusha hindi kidogo kidogo ili mstari unaofuata uje wenyewe. Punje zinamiminika kwenye karai, na anayepukuchua anazungumza habari za mazishi ya jana. Hafikirii vidole hata mara moja.

Kwa kazi hiyo ndogo, ubongo umefanya mambo matatu. Umejua hindi liko wapi na mkono uko wapi. Umechagua mpango wa mwendo, yaani kidole gani kianze, kwa kasi gani, na nini kifuate. Kisha umetuma amri kwenye misuli. Amri ya misuli hutoka kwenye ukanda mwembamba juu ya ubongo, na ukanda huo ukiharibika mkono hulegea au hupooza. Mpango wenyewe hutengenezwa kwingine: sehemu ya juu nyuma kidogo ya ubongo, ikishirikiana na sehemu iliyo mbele ya ule ukanda wa amri. Kwa watu wengi wanaotumia mkono wa kulia, mipango ya mikono yote miwili hutunzwa zaidi upande wa kushoto wa ubongo.

Majirani wa Abakisa, watu wa Isukha na Idakho, hupiga ngoma ya isukuti, ile ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina zamu yake. Wapigaji wakiwa na nguvu zote lakini hakuna anayejua nani aanze na nani aitikie, utasikia kishindo, hutasikia isukuti. Mkono wenye apraksia uko hivyo.

Mtumishi wa serikali aliyedhaniwa ana wazimu

Aliyetufumbua macho kuhusu jambo hili ni daktari Mjerumani, Hugo Liepmann. Mwaka 1900 aliandika habari za mtumishi wa serikali mwenye umri wa miaka 48. Mtu huyo alipoambiwa aonyeshe kitu fulani, alionyesha kingine. Alipoombwa afanye ishara rahisi, alitupa mkono ovyo. Waliomwona walihitimisha kwamba akili imeharibika na haelewi lugha.

Liepmann aligundua kwamba mgonjwa alikuwa akijibu kila kitu kwa mkono wa kulia. Akauzuia mkono huo, akamwomba atumie wa kushoto. Mambo yakageuka. Mkono wa kushoto ulionyesha vitu sawasawa, ukafuata maagizo, ukathibitisha kwamba maneno yote yalikuwa yameeleweka tangu mwanzo. Akili ilikuwepo, mkono wa kulia ndio uliokuwa ukiisingizia. Mgonjwa alipofariki na ubongo wake kuchunguzwa, madhara yalionekana upande wa kushoto na katika nyuzi zinazounganisha pande mbili za ubongo.

Kisa hiki kimepita karne nzima, lakini kosa lile la kwanza bado hufanywa kila siku. Mzee anaambiwa "shika kikombe", anashika hewa. Anaambiwa "vaa shati", anaingiza kichwa kwenye mkono wa shati. Nyumba nzima inakata shauri kwamba amerudi utotoni, na kuanzia hapo watu wanazungumza juu yake mbele yake. Yeye anasikia kila neno.

Ugonjwa adimu wenyewe

Mwaka 1968 madaktari watatu wa Boston, Marekani, walioitwa Rebeiz, Kolodny na Richardson, walichapisha maelezo ya wagonjwa 3 ambao mwendo wao ulikuwa umeharibika polepole kwa namna isiyolingana na ugonjwa wowote uliojulikana. Leo ugonjwa huo huitwa kotikobasali. Jina hilo linataja sehemu mbili zinazoliwa: gamba la nje la ubongo, ambako mipango ya mwendo hutengenezwa, na mafundo ya ndani chini ya gamba hilo, ambayo husaidia mwendo uwe laini.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya seli za ubongo mna protini iitwayo tau, ambayo kazi yake ya kawaida ni kushikilia mifupa midogo ya seli, kama tunaweza kuiita hivyo. Katika ugonjwa huu tau hujikunja vibaya, hurundikana, na seli hufa. Kwa nini huanza, hakuna anayejua kwa hakika. Hauambukizi. Kwa sehemu kubwa hauendi kwa ukoo pia, kwa hiyo watoto wa mgonjwa hawana sababu ya kuishi kwa hofu wakingoja zamu yao.

Huanza mara nyingi baada ya umri wa miaka 60, ingawa wapo wanaoanza katika hamsini. Alama yake kubwa ni kuanza upande mmoja. Mkono mmoja, au mara chache mguu mmoja, unakuwa mgumu na mzito wa kazi za ufundi. Unaweza kurukaruka ukiguswa. Baadaye vidole hujikunja na ngumi kukaza. Mgonjwa akiingiza mkono mfukoni hawezi kutofautisha sarafu na ufunguo kwa kupapasa, ingawa ngozi inahisi vizuri. Upande wa pili hufuata, kisha maneno hukwama, miguu hukosa msawazo, na kumeza kunakuwa kazi. Kwa wastani, kutoka dalili za kwanza hadi kifo ni miaka 6 hadi 8.

Halafu kuna jambo linalotisha zaidi kuliko yote, na ambalo limevunja familia. Mkono unaweza kuanza kujiendea. Unanyanyuka wenyewe mwenye nao akiwa ametulia, unashika fremu ya mlango na kukataa kuachia, unavuta shuka. Wengine hutumia mkono mzima kuushikilia ule mgonjwa. Katika kijiji chochote cha Afrika Mashariki jambo hilo litapewa maelezo kabla ya jua kutua: pepo, laana, au jirani mliyegombana naye mpaka wa shamba. Nasema kwa uzito wote: mkono huo haujatumwa na mtu. Sehemu ya ubongo inayomwambia mtu "mkono huu ni wako, na mwendo huu umeuagiza wewe" ndiyo iliyoharibika. Mashtaka ya uchawi yameua wazee wasio na hatia katika eneo letu hili la dunia, na ugonjwa wa ubongo usiwe sababu ya kuyaongeza.

Ni watu wangapi walio nao? Makadirio ya nchi zenye wazee wengi ni watu wachache tu kwa kila 100,000. Sensa ya 2019 iliihesabia Khwisero watu zaidi ya 110,000, wengi wao vijana. Kwa hesabu hiyo, eneo zima la Khwisero linaweza kuwa na wagonjwa wasiozidi vidole vya mkono mmoja, nao wametawanyika katika wadi nne za Kisa bila kujuana. Afisa wa kliniki anaweza kufanya kazi mpaka kustaafu bila kuuona, au akauona mara moja akaandika "kiharusi" kwenye kadi.

Kwa ufupi: ugonjwa wa kotikobasali huanza upande mmoja, huja polepole, huondoa ufundi kabla ya nguvu, na hautokani na kosa la mtu yeyote.

"Anajifanya!"

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa nyumbani huzaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwambie bibi mwenye apraksia: "Kukhu, nionyeshe unavyopunga mkono kuaga." Anautazama mkono, unapinda, unakwenda kifuani, unabaki hapo. Dakika kumi baadaye mjukuu anaondoka kwenda shule, na mkono ule ule unapunga vizuri kabisa. Waliokuwapo wanatazamana. Kumbe anaweza! Basi alikuwa anatuchezea.

Hakuwa anawachezea. Mwendo unaoamshwa na tukio lenyewe, yaani mjukuu mlangoni, kikombe cha moto mdomoni, wimbo kanisani, hupita njia nyingine katika ubongo kuliko mwendo unaofanywa kwa kuagizwa. Njia ya kuagizwa ikiharibika, ile nyingine inaweza kubaki kwa muda. Ndiyo sababu mtu anashindwa kuonyesha jinsi ya kushika mwiko akiwa sebuleni, lakini ukimpa mwiko mbele ya sufuria inayochemka mkono unaanza kusonga. Pengine utaanza na kusimama katikati, pengine utageuza kwa mpini. Lakini utajaribu.

Kadiri mgonjwa anavyokazana na kutazamwa ndivyo mkono unavyozidi kukwama. Ukimpigia kelele "shika vizuri!", umemwongezea amri juu ya njia iliyokwisha kubomoka. Hasira ya kumwita mvivu mama aliyelea watoto saba kwa jembe ni hasira isiyo na haki, na wengi huijutia baadaye.

Kipimo kiko jikoni

Daktari bingwa wa ubongo akimpima mtu apraksia hatumii mashine. Humwomba aonyeshe kwa mkono mtupu jinsi ya kuchana nywele, kupiga nyundo, kupiga saluti. Huonyesha mwenyewe ishara isiyo na maana na kumwomba aiige. Humpa vitu halisi avitumie. Yote haya yana mifano yake nyumbani, na jamaa wana faida ambayo daktari hana: wanajua mtu huyu alikuwa akifanyaje miaka kumi iliyopita.

Haya ndiyo ya kutazama, na kila mkono utazamwe peke yake:

- Kazi za vidole: kufunga vifungo, kuhesabu noti, kuchambua mboga, kubonyeza namba ya siri ya M-Pesa. Je, vidole vinagongana hata macho yakiwa mazima?
- Kazi ya kuonyesha bila kifaa: mwombe aigize kupiga mswaki. Wengine hutumia kidole chenyewe kama mswaki badala ya kushika mswaki wa kuigiza.
- Kazi yenye hatua: kutengeneza chai. Je, anatia majani kwenye sufuria kavu, au anajaribu kuwasha kiberiti upande usio na baruti?
- Kuvaa: sweta, leso, viatu. Je, mkono mmoja unasahaulika nje?
- Kupapasa: mwekee sarafu ya shilingi 20 mkononi akiwa amefumba macho. Je, anaitambua kwa mkono mmoja na kushindwa kwa mwingine?

Aina ya makosa ni muhimu kuliko idadi yake. Mwenye vidole vizito katika kazi zote ndogo, lakini anayejua hatua, ameharibikiwa mahali tofauti na yule ambaye vidole ni vyepesi lakini anatia unga kabla ya maji. Mgonjwa wa kotikobasali mara nyingi huanza na la kwanza, na hayo mengine hufuata.

Andika unachokiona pamoja na mwezi kilipoanza. Piga video fupi kwa simu akiwa anafunga kifungo, kwa idhini yake. Video ya nusu dakika ikionyeshwa katika kituo cha afya cha Khwisero, Mwihila, au hospitali kuu ya kaunti mjini Kakamega, itamwambia daktari zaidi ya maneno "mkono hauna nguvu", ambayo kwanza si kweli. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba ya kazi, na wanapita nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Ningependa sana swali moja liongezwe kwenye ziara hizo kwa kila mzee: kuna kazi gani ya mikono uliyokuwa ukiiweza mwaka jana ambayo sasa inakushinda?

Kabla ya kukubali kuwa ni ugonjwa huu

Kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni adimu, yanayofanana nao ni mengi zaidi yake, na baadhi yanatibika. Hili ni la kwanza kabisa.

Kiharusi huja ghafla, kwa dakika au saa, nacho pia kinaweza kuleta apraksia. Mzee aliyeanguka na kugonga kichwa anaweza kuvuja damu polepole kati ya fuvu na ubongo kwa wiki kadhaa, na upasuaji huweza kumrudisha. Uvimbe wa ubongo, kaswende ya zamani, virusi vya UKIMWI visivyotibiwa, upungufu wa vitamini B12, yote hayo yapimwe. Na dawa za kutuliza wagonjwa wa akili, kama haloperidoli, zinaweza kuukaza mwili. Fikiria basi mgonjwa anayedhaniwa ana wazimu kwa sababu mkono wake unajiendea, anapewa dawa hizo, anazidi kukakamaa, na ukakamavu unachukuliwa kuwa wazimu umezidi. Uliza kila dawa anayotumia ni ya nini.

Ugonjwa wa Parkinson ndio unaochanganywa zaidi. Nao huanza upande mmoja na kuleta ukakamavu, mara nyingi pamoja na kutetemeka mkono ukiwa umepumzika. Tofauti kubwa ni kwamba mgonjwa wa Parkinson hupata nafuu ya wazi kwa levodopa, dawa inayomrudishia ubongo kemikali iliyopungua, na wa kotikobasali hupata nafuu ndogo au hapati. Kwa hiyo daktari akisema "tujaribu levodopa kwa wiki kadhaa", anatibu na kupima kwa pamoja. Asizuiwe.

Kwamba wagonjwa wa namna hii wapo kati yetu bila kujulikana, tuna ushahidi wa karibu. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 160,000 na kuwapata watu 33 wenye Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote wanaumwa nini. Ikiwa Parkinson, ugonjwa unaojulikana duniani kote na wenye dawa, uliweza kujificha hivyo, kotikobasali ina maficho makubwa zaidi.

Hata mabingwa hubaki na shaka. Wagonjwa wengi wenye dalili hizi zote, ubongo wao ukichunguzwa baada ya kifo, huonekana walikuwa na Alzheimer au ugonjwa mwingine uliovamia sehemu zile zile. Uhakika kamili hupatikana kwa uchunguzi huo tu. Lakini huduma ya nyumbani haihitaji kuusubiri.

Kumtunza

Hakuna dawa inayosimamisha ugonjwa huu leo. Anayekuuzia chupa kwa bei ya ng'ombe akiahidi kurudisha mkono anakuibia. Zipo dawa za kupunguza kurukaruka, na sindano ya kulegeza ngumi iliyokaza, pale zinapopatikana. Zaidi ya hapo, kazi ni ya mikono ya wengine.

Badilisha nguo: sketi na suruali za mpira kiunoni, vifungo viondolewe, viatu visivyo na kamba. Mpe kikombe chenye masikio mawili. Ukitaka afanye jambo, usimweleze; mwekee kifaa mkononi, mahali pake, wakati wake. Toa hatua moja, ngoja, kisha nyingine. Mazoezi ya viungo yaanze mapema, kabla bega halijakaza. Ngumi ikishaanza kujifunga, mkunjie kitambaa safi kiganjani na ukate kucha, maana kucha hutoboa nyama na kidonda hicho hunuka kabla hakijaonekana.

Kumeza kunahitaji uangalifu kuliko vyote. Maji na chai hupalia upesi. Uji mzito hupita salama zaidi. Aketi wima, kidevu kishuke kidogo, tonge liwe dogo, na asizungumzishwe akiwa anatafuna. Akianza kukohoa kila mlo au sauti ikiwa na majimaji baada ya kunywa, apelekwe hospitali, kwa sababu chakula kinachoingia mapafuni ndicho huwaua wengi wa wagonjwa hawa.

Na yapo mambo ya kufanywa wakati maneno bado yanatoka. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka kadhaa ataelewa mengi kuliko atakavyoweza kuonyesha. Aulizwe sasa anataka hati ya shamba ikae kwa nani, nani ashike simu na namba ya siri, kama atakubali mpira wa kulishia siku akishindwa kumeza, na anataka kuuguziwa wapi. Ayaseme mbele ya watoto wote, wa mjini waliopiga simu na wa nyumbani wanaomwogesha, na mzee wa mtaa awepo. Saini yake huenda imeshapotea. Dole gumba linatosha, mradi aliyelishika na kuliweka kwenye karatasi amemsomea kwanza kilichoandikwa, taratibu, na kumpa nafasi ya kukataa.